Kipakatalishi kinachochemka: jinsi ya kukifungua na kukipoza nyumbani

Wakazi wa Manga hawahitaji kuelezwa maana ya baridi. Kwenye mwinuko huo ulio mpakani mwa kaunti za Kisii na Nyamira, sweta huvaliwa asubuhi hata katika miezi ambayo watu wa pwani hulala madirisha yakiwa wazi. Ajabu ni kwamba vipakatalishi vya huko navyo huchemka kama vya Mombasa. Feni huvuma kama kinu cha posho, upande wa chini hauwekeki mapajani, na katikati ya kazi kioo huzimika ghafla bila onyo.

Kuzimika huko si usumbufu mdogo. Mwalimu anayeingiza alama za wanafunzi katika mfumo wa Baraza la Mitihani la Kitaifa (KNEC), mwanafunzi anayejaza fomu ya mkopo wa HELB na mtahiniwa anayechagua kozi kupitia KUCCPS, wote wanafanya kazi yenye siku ya mwisho. Aghalabu kifaa chenyewe ni kimoja kwa jamaa nzima. Kilinunuliwa mtumba, baada ya kuhudumu kwa miaka kadhaa katika ofisi za ng'ambo, na hakina dhamana. Kikifa, hakuna cha akiba.

Hata hivyo, vipakatalishi vingi vinavyochemka havijaharibika. Vimeziba. Kati ya feni na njia ya kutolea hewa hujengeka utando wa vumbi, na utando huo unaweza kuondolewa mezani nyumbani, kwa bisibisi na brashi, na mtu yeyote mwenye mikono mitulivu na subira ya saa mbili. Anayefanya hivyo pasipo utaratibu anaweza pia kukiua kifaa kilichokuwa kizima. Tofauti kati ya matokeo hayo mawili aghalabu huamuliwa na yale yanayofanywa kabla ya skrubu ya kwanza kulegezwa.

JOTO HUTOKA WAPI

Kila kipakatalishi kina prosesa, yaani kile kipande cha silikoni kinachofanya hesabu zote za mashine. Katika vifaa vyembamba vya ofisi vilivyotengenezwa tangu mwaka 2013 hivi, prosesa hiyo kwa kawaida hukadiriwa kuwa ya wati 15. Katika vile vinene vya miaka iliyotangulia, kadirio la kawaida lilikuwa wati 35. Mtu anaweza kuona kuwa wati 35 ni kidogo mno zikilinganishwa na za pasi ya nguo. Lakini joto hilo lote hutoka katika eneo lisilozidi sana ukucha wa kidole gumba, na lisipoondolewa papo hapo, hupanda kwa kasi.

Mnamo mwaka 2001, tovuti ya Tom's Hardware ilionyesha filamu ya jaribio ambalo bado linakumbukwa na mafundi wengi. Chuma cha kupozea kiliondolewa juu ya prosesa zilizokuwa zikifanya kazi. Athlon ya kampuni ya AMD ilifuka moshi na kufa katika muda mfupi mno. Pentium 4 ya Intel ilipunguza kasi yake yenyewe na kuendelea polepole. Ulinzi huo wa kujipunguza mwendo umekuwa jambo la kawaida tangu wakati huo. Prosesa nyingi za Intel za vipakatalishi zimewekewa kikomo cha nyuzi 100 au 105 za Selsiasi. Zikikaribia hapo hupunguza mwendo, na zikipita hapo mashine hujizima ili isiungue.

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea. Mwenye kifaa haoni joto, anachoona ni uzito. Programu zinachelewa kufunguka, video zinakwama, na anashauriwa kuweka Windows upya au kununua kumbukumbu zaidi. Hufanya yote mawili, na juma linalofuata kifaa ni kizito vilevile, kwa sababu tangu hapo prosesa ilikuwa imejifunga breki kwa ajili ya joto.

Ili joto liondoke, watengenezaji hutumia mrija bapa wa shaba. Kwa kutazama, mrija huo ni kama kipande cha chuma tu, lakini ndani yake mna kiasi kidogo cha maji, na hewa yote imenyonywa. Maji hayo hugeuka mvuke upande unaogusa prosesa, mvuke hukimbilia upande wa pili ulio baridi, huko hugeuka maji tena na kurudi kupitia utambi uliomo ndani. Mpishi wa Manga anaijua kanuni hii bila kuambiwa. Katika kimo cha mita 1,900 hivi maji huchemka kwenye nyuzi takriban 94 badala ya 100, kwa kuwa huko mgandamizo wa hewa ni mdogo. Ndani ya mrija ambamo hewa imetolewa kabisa, maji hugeuka mvuke katika joto la chini zaidi ya hapo. Wazo hilo lilisajiliwa na Richard Gaugler wa General Motors katika miaka ya 1940, likakaa bila kutumiwa sana, kisha George Grover akalifikia upya mwaka 1963 katika maabara ya Los Alamos nchini Marekani.

Mwisho wa mrija huo umeshikizwa kwenye mapezi, yaani mabapa membamba ya shaba au alumini yaliyopangwa kama meno ya kitana. Feni huvuta hewa kutoka chini ya kifaa na kuisukuma katikati ya mapezi hayo, ikatoka kando au nyuma ikiwa moto. Huo ndio mfumo mzima: prosesa, pesti inayoiunganisha na shaba, mrija, mapezi, feni. Kiungo kimoja kikilegea, vingine vyote havina kazi.

MLIMA NA MASIZI

Yapo mambo mawili yanayoifanya hali ya Manga kuwa tofauti kidogo na ya mjini Nairobi au Mombasa. La kwanza ni wepesi wa hewa. Katika kimo cha mita 1,900 uzito wa hewa ni takriban asilimia 83 ya ule wa pwani, hivyo kila mzunguko wa feni hubeba hewa pungufu, na hewa pungufu huondoa joto pungufu. Baridi ya mlimani hufidia sehemu ya upungufu huo. Kampuni ya Lenovo, mathalani, huruhusu ThinkPad zake nyingi zitumike katika joto la hadi nyuzi 35 iwapo kimo hakizidi mita 2,438, na juu ya kimo hicho hushusha kikomo hadi nyuzi 31.3. Manga haijafika huko. Mlima peke yake, basi, hauwezi kulaumiwa. Unachofanya ni kupunguza nafasi ya kuvumilia kasoro nyingine.

Jambo la pili ni zito zaidi. Udongo mwekundu wa Gusii, wakati wa kiangazi cha Desemba hadi Februari, huinuliwa na kila pikipiki inayopita kwenye barabara ya murram na kuingia nyumbani kupitia dirishani. Nyumba nyingi hupikia kuni, na masizi ya kuni yana mafuta. Vumbi kavu peke yake lingepita katikati ya mapezi na kutoka. Vumbi lililokutana na masizi hunata, likashika nyuzi za sweta, za blanketi na manyoya ya paka, na baada ya mwaka mmoja au miwili hufanyika kitu kinachofanana na kipande cha blanketi la kijivu. Kipande hicho hukaa upande wa ndani wa mapezi, mahali ambapo jicho haliwezi kukiona kutoka nje. Ndiyo maana kupuliza matundu kwa mdomo hakusaidii. Pumzi ya mtu, zaidi ya hayo, ina unyevu.

KABLA YA KUSHIKA BISIBISI

Uchunguzi wa kwanza hauhitaji kufungua chochote. Katika sebule nyingi makochi hufunikwa vitambaa vya kufuma, na kipakatalishi kilichowekwa juu ya kitambaa hicho, au juu ya kitanda, huwa kimezibwa pua. Kiwekwe juu ya meza ngumu, pembe zake za nyuma zikiinuliwa kwa vitabu viwili, kisha kitumike kwa saa moja. Kama joto litashuka na kasi kurudi, hakuna haja ya kuendelea.

Pili, yafaa kuhakikisha kuwa prosesa haitumikishwi bure. Vibonye vya Ctrl, Shift na Esc vikibonyezwa kwa pamoja, Windows hufungua dirisha la Task Manager linaloonyesha ni programu ipi inayotumia nguvu. Kirusi, au kivinjari chenye kurasa 40 zilizo wazi, kinaweza kuchemsha hata mashine iliyo safi kama mpya.

Tatu ni kupima. Programu za bure kama Core Temp na HWMonitor husoma kipimajoto kilichomo ndani ya prosesa. Kifaa kilichowashwa bila kazi, katika chumba chenye baridi ya kadiri, kwa kawaida huonyesha nyuzi kati ya 40 na 55. Kikiwa kazini kinaweza kufika 80 na zaidi pasipo madhara. Kinachoonyesha 75 hali hakifanyi lolote, au kinachoruka hadi 95 punde video inapofunguliwa, kina tatizo. Namba hizo ziandikwe kwenye karatasi pamoja na tarehe, maana zitahitajika baadaye.

Kipimo cha nne hakina gharama yoyote, na pengine ndicho kilicho bora kuliko vyote: kiganja cha mkono mbele ya tundu la kutolea hewa. Hewa ikitoka kidogo na ikiwa ya moto sana, mapezi yameziba. Hewa ikitoka kwa nguvu lakini ikiwa vuguvugu tu, ilhali kipimo kinaonyesha nyuzi 95, joto haliufikii mrija. Pesti imekauka au chuma cha kupozea kimelegea. Ikiwa hakuna hewa kabisa, feni imekufa. Ikiwepo sauti ya kukwaruza, beringi ya feni imechakaa. Mtu mwenye jibu la kiganja hicho anajua anachotafuta kabla ya kufungua, na hatajikuta akiondoa kitu ambacho hakikuwa na kosa.

Vipo vifaa ambavyo havifai kufunguliwa nyumbani hata kidogo. Kilicho chini ya dhamana kipelekwe kwa aliyekiuza. Kilichomwagikiwa chai kina tatizo jingine. Chenye betri iliyovimba, dalili yake ikiwa ni kibodi iliyoinuka au mfuniko wa chini usiolala sawasawa mezani, kizimwe, kisichajiwe tena, na kipelekwe kwa fundi kikiwa mbali na kitu chochote chenye ncha. Betri ya lithiamu ikitobolewa huwaka moto ambao blanketi haliuzimi. Nazo MacBook Air zilizotoka tangu mwishoni mwa mwaka 2020, zile zenye prosesa ya M1 na zilizofuata, hazina feni hata moja, hivyo hakuna cha kusafisha ndani.

KUFUNGUA

Kazi huanza kwa kunakili faili zote muhimu kwenye flashi au diski ya nje. Ushauri huu husomwa na wengi na kufuatwa na wachache. Inatosha kukumbuka kwamba kifaa kinaweza kununuliwa tena, lakini alama za darasa zima zilizoingizwa kwa majuma matatu hazinunuliki.

Hatua inayofuata ni kutafuta kitabu cha matengenezo cha kifaa chenyewe. HP, Dell na Lenovo huchapisha bure kwenye tovuti zao, kwa aina nyingi za vipakatalishi vya ofisi, vitabu vyenye picha vinavyoonyesha kila skrubu na kila kebo. Jina kamili la kifaa limeandikwa kwenye kibandiko cha chini au chini ya betri. Kitabu hicho kihifadhiwe kwenye simu, kwa kuwa muda si mrefu kipakatalishi kitakuwa vipande vipande. Tofauti kati ya aina na aina si ndogo. Katika baadhi mfuniko wa chini huondolewa na feni huonekana mara moja. Katika nyingine kibodi hutoka kwanza. Na zipo ambazo bodi kuu yote lazima ing'olewe ndipo upande wa feni ufikiwe. Hizo si za mtu anayefungua kwa mara ya kwanza.

Vifaa vinavyohitajika ni vichache: bisibisi ndogo ya msalaba ya namba 0 au 00, na kwa baadhi ya aina, bisibisi ya nyota, kadi ya plastiki, mathalani laini ya simu iliyokwisha kutumika pamoja na kadi yake, brashi laini ya kupakia rangi ambayo haijawahi kuguswa na rangi, spiriti, kitambaa cha pamba kisichotoa nyuzi, na bomba dogo la pesti ya prosesa. Bisibisi ikiwa kubwa au ndogo kupita kiasi hula kichwa cha skrubu, na skrubu iliyoliwa kichwa ndiyo mwisho wa safari nyingi za namna hii.

Kifaa huzimwa kabisa, si kulazwa usingizi. Chaja huchomolewa, na kama betri ni ya kutoka nje, hutolewa. Sweta ya nailoni huvuliwa, kwa sababu huzalisha umeme tuli unaoweza kuua vipande vidogo bila cheche kuonekana, na mtu hugusa kitu cha chuma kisichopakwa rangi kabla ya kutia mkono ndani. Meza iwe tupu, na kama ina kitambaa, kiondolewe.

Skrubu za chini huonekana kufanana, lakini hazifanani. Skrubu ndefu ikirudishwa katika tundu la fupi huweza kuchomoza ndani na kutoboa bodi kuu. Njia rahisi ni kuchora umbo la kifaa kwenye karatasi na kuchomeka kila skrubu mahali pake katika mchoro, au kutumia trei ya mayai, kila tundu likipewa hatua yake. Skrubu nyingine hujificha chini ya miguu ya mpira au chini ya kibandiko. Mfuniko ukikataa kutoka, hauvutwi kwa nguvu. Huenda imesalia skrubu moja. Kadi ya plastiki hupitishwa taratibu kwenye ufa hadi vishikizo viachie kimoja baada ya kingine, kwa sauti ya kukatika ambayo huwatisha wageni wa kazi hii bila sababu.

Mara mfuniko utokapo, kinachotangulia mengine yote ni betri. Katika vifaa vya kisasa betri imo ndani, imeunganishwa na bodi kuu kwa kebo yenye soketi. Soketi hiyo huchomolewa kwanza, kwa kushika kichwa chake cha plastiki na si nyaya. Kisha kibonye cha kuwashia hubanwa kwa sekunde 15 hivi ili umeme uliobaki uishe. Kugusa chochote kabla ya hapo, bisibisi ikateleza, kunaweza kuunguza bodi ambayo bei yake haipishani sana na ya kifaa kizima cha mtumba. Sasa ipigwe picha kwa simu. Zipigwe tatu.

KUSAFISHA

Feni hushikiliwa na skrubu mbili au tatu na kebo moja ndogo. Kebo bapa, ikiwa ipo njiani, haivutwi. Soketi yake ina kifuniko chembamba kinachoinuliwa kwa ukucha, kisha kebo hutoka yenyewe. Feni ikisha kuinuliwa, mapezi huonekana kwa upande wa ndani, na hapo ndipo lile blanketi la kijivu linapopatikana. Aghalabu hutoka zima, kama ngozi. Wengi hubaki wakilitazama, wasiamini kwamba hewa ilikuwa ikitarajiwa kupita humo.

Mabaki husafishwa kwa brashi, kutoka ndani kwenda nje. Bawa za feni husafishwa moja moja, huku zikizuiwa kwa kidole zisizunguke. Anayetumia kipulizio cha hewa azingatie hilo zaidi, kwani feni ikizungushwa kwa kasi kuliko ilivyoundiwa, beringi huharibika. Kifyonza vumbi cha nyumbani nacho hakifai, kwa kuwa mdomo wake wa plastiki hujaa umeme tuli.

Feni iliyokuwa ikikwaruza huweza kupewa tone moja la mafuta ya cherehani kwenye mhimili wake, ikiwa bawa zake zinainuka. Hiyo ni tiba ya miezi, si ya miaka. Dawa hasa ni feni nyingine yenye namba ileile iliyoandikwa kwenye kibandiko chake. Volti zake, ambazo kwa kawaida ni 5, na idadi ya nyaya lazima zilingane.

Ikiwa tatizo lilikuwa kuziba tu, kazi inaweza kuishia hapa. Maoni hutofautiana kuhusu suala hili, na wapo mafundi wanaobadilisha pesti kila wanapofungua. Kwa anayefungua mara ya kwanza, kuacha chuma cha kupozea kilivyo ni uamuzi wenye busara, maadamu kiganja hakikuonyesha dalili ya pesti iliyokauka. Chuma hicho kikisha kung'olewa, pesti ya zamani haiwezi kutumika tena hata kidogo.

Ikilazimu kukiondoa, skrubu zake mara nyingi zimechorwa namba 1, 2, 3 na 4. Hulegezwa kidogo kidogo kwa kurudi nyuma, kuanzia ya mwisho, ili mgandamizo uondoke kwa usawa. Prosesa ya kipakatalishi haina kofia ya chuma kama ya kompyuta ya mezani, ni kioo kitupu, na kona yake ikigandamizwa upande mmoja hupasuka. Pesti ya zamani hufutwa kwa kitambaa kilicholoweshwa spiriti kidogo hadi shaba na silikoni ving'ae. Spiriti iliyo bora ni ile ya isopropili yenye nguvu ya asilimia 90 au zaidi. Baadhi ya spiriti za vidonda zinazouzwa katika maduka ya dawa zimetiwa mafuta ya kulainisha ngozi, nazo huacha utando.

Pesti mpya ni ya kiasi cha punje moja ya mchele, si harage. Kazi yake ni kujaza mikwaruzo isiyoonekana kati ya silikoni na shaba, wala haipitishi joto vizuri kuliko shaba yenyewe; ikizidi, inakuwa kizuizi. Huenezwa kwa ukingo wa kadi hadi uso wote wa prosesa ufunikwe utando mwembamba. Dawa ya meno, ambayo baadhi ya watu huitumia badala yake, ina maji na hukauka upesi. Kando ya prosesa huenda vikawepo vipande laini vya mpira juu ya vijiti vya kumbukumbu au vipande vingine vya bodi. Hivyo hurudishwa vilivyokuwa, wala mahali pake hapapakwi pesti, kwa sababu hapo pana nafasi ambayo pesti haiwezi kuijaza.

Chuma hurudishwa kwa kushushwa wima mara moja, bila kusuguliwa huku na huko, na skrubu hukazwa kwa zamu kuanzia namba 1, kila moja nusu mzunguko, hadi zikomee zenyewe.

KUFUNGA NA KUPIMA

Kufunga ni kufuata picha za simu kutoka ya mwisho hadi ya kwanza. Kosa linalorudiwa mara nyingi kuliko yote ni kusahau kebo ya feni. Kifaa kitawaka, na baadhi ya aina zitatoa onyo la kosa la feni, lakini nyingine zitaendelea kimya hadi joto lizizime. Kwa hiyo, kabla ya mfuniko kukazwa skrubu zote, betri huunganishwa, kifaa huwashwa kwa dakika moja juu ya meza, na sikio hutegwa. Feni ikisikika, kifaa huzimwa na kufungwa. Skrubu ikisalia mezani, kazi haijaisha.

Kisha ile karatasi yenye namba hutolewa. Programu ileile, chumba kilekile, video ileile. Kushuka kwa nyuzi 10 hadi 20 si jambo la ajabu kwa mapezi yaliyokuwa yameziba kabisa. Joto likiwa limepanda kuliko awali, chuma cha kupozea hakijakaa sawasawa na lazima kifunguliwe tena mara moja, kabla kifaa hakijatumiwa kwa kazi yoyote. Likiwa halikubadilika, mrija wenyewe huenda umepoteza maji yake. Mrija huo hautengenezeki, hubadilishwa mzima pamoja na mapezi.

Hapo ndipo safari ya kushuka hadi kwa mafundi wa mjini Kisii inapokuwa na maana. Wapo wateja wanaolalamika kwamba vifaa vyao vilirudi vikiwa na kumbukumbu pungufu au diski tofauti na ile ya awali, na wapo mafundi waaminifu wanaoumizwa na sifa hiyo. Mteja aliyekwisha kukifungua kifaa chake ana kinga isiyohitaji ugomvi. Anazo picha tatu za ndani, zenye namba za kila kipande, na anaweza kumweleza fundi kwa sentensi moja kilichofanyika na kilichobaki.

Betri iliyovimba ikibadilishwa, ya zamani haitupwi chooni wala katika moto wa takataka. Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya mwaka 2022 inataka taka zitenganishwe, na kituo cha WEEE Centre jijini Nairobi hupokea taka za kielektroniki. Hadi ipatikane njia ya kuifikisha huko, ihifadhiwe katika debe la chuma lenye mchanga mkavu, nje ya nyumba, mahali pasipofikiwa na watoto wala mvua.

Katika nyumba inayopikia kuni, kiganja kirudishwe mbele ya tundu la hewa kila baada ya miezi sita, na mara moja zaidi kiangazi kikiisha mwezi Machi.